Tulipomwaga zege, munyu ukapanda ukutani

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya mawe ndani ya Mji wa Kale wa Lamu. Nimeondoa mtaa, ukoo na mwaka. Vipimo nimeviacha, kwa sababu bila vipimo fundi atakayesoma hatapata cha kushika. Mimi ndiye niliyesimamia kazi, na kosa kubwa humu ndani ni langu.

Nyumba na shida yake

Ni nyumba ya ghorofa moja juu, kuta za matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Vyumba vya chini vitatu ni vyembamba na virefu kama ilivyo desturi ya Lamu, maana upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Kwa majina ya huko, cha kwanza huitwa msana, mita 2.7 kwa 8.4, cha pili ndani, mita 2.6 kwa 8.4, na cha tatu nyumba kati, mita 2.4 kwa 5.5. Jumla ni kama mita za mraba 58. Kwa miaka mingi watu waliishi juu, chini pakawa pa kuweka nazi, nyavu na vitu vilivyokosa pa kuwekwa.

Mwenye nyumba ni mama wa makamo ya uzee. Magoti yalikataa ngazi. Mwanawe anayefanya kazi Mombasa akaamua mama ashuke chini, nami nikaitwa kutengeneza sakafu. Alichotaka kilikuwa wazi: sakafu ya zamani ing'olewe, limwagwe zege, viwekwe vigae, "pawe kama nyumba za watu".

Sakafu ya zamani ilikuwa na tabaka mbili. Juu palikuwa na saruji ya sentimita 3 ambayo mtu aliipaka zamani kidogo, imepasuka vipande vipande na kupiga mwangwi ukiigonga. Chini yake sakafu halisi, chokaa na kokoto za matumbawe, sentimita 8 hivi, nzima kuliko ile ya juu. Kisha mchanga. Kuta zilikuwa na munyu, yaani chumvi inayopanda na unyevu: rangi imefura na kubanduka, unga mweupe unaanguka ukipitisha kidole.

Kabla ya kugusa kitu nilipiga alama ya penseli kwenye kila ukuta pale unyevu ulipoishia, na tarehe pembeni. Msana sentimita 58 kutoka sakafu ya zamani, ndani 61, nyumba kati 55. Nilifanya hivyo kwa mazoea tu. Alama hizo ndizo zilizokuja kunisuta.

Mama aliniambia jambo siku ile ya kwanza ambalo sikulipa uzito. "Mwanangu, nyumba hii ina munyu tangu nizaliwe. Lakini mkeka ukitandikwa tini haukuoza."

Shimo la majaribio

Mchoro niliopewa ulikuwa wa nyumba mpya: mawe sentimita 20, mchanga 5, zege 10, saruji ya kumalizia na vigae 5. Jumla 40. Kwa kiwanja kitupu hakuna neno. Kwa nyumba ya kale kuna swali la kwanza kabisa: ukuta umeanzia wapi?

Tulichimba shimo dogo kando ya ukuta wa kati. Ukuta ule, unaobeba sakafu ya juu pamoja na boriti zake, mawe na chokaa yote ya huko juu, uliishia sentimita 32 chini ya sakafu. Hakuna msingi mpana wala mkanda wa zege, mawe yamekaa juu ya mchanga basi. Tungechimba 40 tungepita chini ya unyayo wa ukuta, na mchanga ukifunguliwa pembeni hutiririka kama unga kwenye gunia lililotoboka. Nyumba za namna hii haziangushwi na tetemeko. Huangushwa na sepeto.

Tukaamua kuchimba 25 tu, na tusichimbe chumba kizima kwa mara moja. Tulikwenda kwa vipande vya mita moja na nusu, kimoja tunachimba, cha jirani tunakiruka, na karibu na ukuta tunaacha mteremko wa udongo hadi mawe ya kujazia yawe tayari kuingia. Tabaka tukazipunguza: mawe 15, mchanga 3, zege 10, saruji na vigae 4. Jumla 32. Maana yake sakafu ingepanda sentimita 7.

Kupanda huko kukatuletea shida ya mlango. Mlango wa nyumba ni wa nakshi, mbao mbili zinazozunguka kwenye vipini vyake vya mbao, na hufunguka kwa ndani. Chini yake kulikuwa na nafasi ya sentimita 2. Kijana wa kazi alipendekeza mbao zikatwe chini. Nilimtazama tu. Tuliacha sentimita 80 za mwanzo katika usawa wa zamani ili mbao zizunguke, kisha tukapandisha kwa mteremko wa mita moja badala ya kidato, kwa ajili ya magoti ya mama. Hilo ni katika machache ninayojisifia.

Idhini iliombwa kabla ya kazi, kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Kilichoombewa ni sakafu. Hilo pia lilirudi baadaye.

Ufuo

Kuchimba nyumba kati kulisimama asubuhi moja. Vibarua walikuta sehemu ya udongo mweusi, laini, urefu wa kama mita 2 na upana chini ya mita, imezungukwa na mchanga mgumu. Mmoja akaweka sepeto chini, akatoka nje. Wengine wakamfuata. Wote walikuwa na neno moja kichwani: kaburi.

Nilipanda kumwita mama. Alishuka ngazi ile ile iliyokuwa ikimtesa, akatazama, akasoma Fatiha, kisha akasema hapo si kaburi. Ni ufuo. Nyumba kati ndicho chumba walichooshewa wafu wa nyumba hiyo, mtu baada ya mtu, na kila mara lilichimbwa shimo chini ya kitanda ili maji ya kuoshea yaingie humo yasitawanyike. Likafukiwa. Likachimbwa tena. "Hapo ndipo alipooshewa mamangu," alisema.

Kazi iliendelea baada ya adhuhuri. Kwa fundi jambo lenyewe lina upande wake wa kiufundi, nami nilipaswa kuliuliza mapema: udongo uliochimbwa na kufukiwa mara nyingi hautabeba sawa na udongo ambao haujaguswa. Zege likilala juu ya pande mbili zisizolingana hupasuka pale zinapokutana. Tulitoa udongo laini hadi chini, na kwa ombi la mama haukutupwa. Uliwekwa kando, ukarudi uani. Shimo tukalijaza vipande vya sakafu ya zamani pamoja na chokaa, tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kwa gogo hadi mlio ubadilike. Hadi leo mahali pale hapana hata ufa wa unywele.

Tangu hapo, nikiingia nyumba ya kale ya Lamu, kabla ya kuuliza mabomba yamepita wapi huwauliza wazee nyumba kati iko wapi.

Vifaa

Lamu gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo kila kilo ina historia. Saruji ilivuka kutoka Mokowe kwa chombo, kisha punda na mkokoteni. Zege la mita za ujazo 5.8 kwa kipimo cha moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) lilihitaji kama mifuko 38 ya kilo 50. Tukanunua 42. Mitatu iliganda stoo kwa unyevu, kwa sababu iliwekwa sakafuni, juu ya ile ile sakafu tuliyokuwa tunailalamikia.

Mchanga wa ufukweni tuliukataa kwa sababu ya chumvi, na wa vilima vya Shela hauguswi, maana vilima vile ndivyo vinavyoshika maji matamu ya mji. Tuliagiza wa bara. Kokoto na mawe yalitoka Manda.

Maji ya kisima cha nyumba ni ya chumvi. Ya kuchanganyia tukanunua matamu, lita zisizozidi 25 kwa mfuko, na hapo kulikuwa na ugomvi wa kila siku kwa sababu vibarua wanapenda zege liwe uji. Uji hutandazika bila jasho, na ukikauka hubaki na vinyweleo. Nilisimama na ndoo mwenyewe siku tatu za kumwaga, chumba kimoja kila siku.

Kumwagilia zege ili likomae bila kupasuka ndiko kulikotushinda. Tulimwaga mwezi wa Machi, jua kali, upepo unapita mlango hadi mlango. Zege lilifunikwa magunia yaliyolowa, na nia ilikuwa siku saba. Siku ya nne maji matamu yakaisha, kijana akachota ya kisimani bila kuniambia. Msana ulipata nyufa nyembamba na madoa meupe.

Jambo jingine ni wavu wa chuma, ule mafundi wanaouita BRC. Sakafu inayolala juu ya ardhi haiuhitaji kwa nguvu, kazi yake ni kuzuia nyufa zisifunguke, na kwa hiyo nafasi yake ni karibu na juu, ukiwa na zege la sentimita 4 juu yake. Tuliuinua kwa vijiwe. Watu wakaukanyaga na makarai yao, ukazama. Tulipokuja kukata sakafu baadaye tuliukuta umelala kabisa juu ya nailoni tuliyotandaza chini ya zege. Ni chuma tulichokizika bure, na katika mji wa chumvi.

Ubishi wa kando ya ukuta

Nailoni ndiyo moyo wa kisa hiki. Chini ya zege tulitandaza nailoni nzito ili unyevu wa ardhini usipande, tukaikunja kando ikapanda ukutani sentimita 10. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni.

Fundi wa chokaa, mzee aliyekuwa akitusaidia kuziba mashimo ya kuta, hakupenda. Alitaka zege lisiguse ukuta. Liachwe pengo la shibiri moja pande zote, lijazwe kokoto za matumbawe na chokaa, ili ardhi ipate pa kupumulia. Hakutumia neno la kitaalamu hata moja. Alisema, "Mai yakikosa ndia hupanda ukuta." Yaani maji yakikosa njia.

Mwenye pesa, kwa simu, alitaka vigae kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi nilikuwa katikati, na nilichagua upande wa simu. Sababu niliyojipa ni kwamba nailoni ni kinga iliyothibitishwa. Hilo ni kweli kwa nyumba mpya, ambayo nailoni ya sakafu huungana na ile iliyowekwa ndani ya ukuta. Nyumba hii haina kitu ndani ya ukuta. Nilifunga mlango mmoja na kuacha dirisha wazi.

Nyumba kati peke yake ilipona, na si kwa busara yangu. Unyayo wa ukuta wake ulikuwa umeoza, mzee akaomba ubao wa kuzuia zege uwekwe sentimita 15 kutoka ukutani apate kuujaza baadaye. Kisha kasha la vigae likaanguka gatini, vigae havikutosha, pengo likabaki. Mzee akalimalizia kwa kokoto na chokaa. Tuliita hilo upungufu.

Mwisho wa kazi, msana na ndani vilipigwa plasta ya saruji hadi mita 1.2 ili kuficha munyu. Haikuwa kwenye idhini. Niliiona ikipigwa, nikanyamaza kwa kuwa kazi ilikuwa inaisha na watu walitaka kwenda makwao.

Miezi minane baadaye

Mama alinipigia simu mwezi wa Novemba. Vigae vilikuwa vikavu, vizuri, vinang'aa. Kuta zilikuwa zinatoka jasho. Plasta ya saruji imefura kama mkate wa mofa na imeanza kuanguka vipande vizima, nyuma yake fuwele za munyu zimesimama kama manyoya. Kabati la nguo lilibidi lihamishwe katikati ya chumba.

Nilipima kutoka usawa ule ule wa zamani. Msana: kutoka 58 hadi 97. Ndani: kutoka 61 hadi 104. Nyumba kati: kutoka 55 hadi 57.

Jibu la haraka ni kwamba mzee alikuwa sahihi, na nadhani alikuwa sahihi kwa sehemu kubwa. Sakafu ya chokaa hupitisha mvuke. Kwa miaka yote ile unyevu wa ardhini ulikuwa ukitoka kidogo kidogo kupitia sakafuni, bila mtu kuuona, na ndiyo maana mkeka wa mama haukuoza. Tulipoziba karibu mita 58 za mraba kwa nailoni, zege na vigae, njia iliyobaki ni ukuta. Plasta ya saruji nayo ikazuia ukuta usikauke chini, unyevu ukapanda kutafuta pa kutokea juu yake.

Lakini vyumba vitatu havikutofautiana kwa pengo tu. Nyumba kati ilipigwa plasta ya chokaa. Pia iko mbali na choo cha chini, ambacho ukuta wake ni mmoja na wa chumba cha ndani. Siwezi kudai pengo pekee ndilo lililoleta tofauti ile yote, na anayetaka kunukuu namba zangu azinukuu pamoja na kasoro hiyo.

Choo ndicho kilichonifumbua macho. Maji ya kuogea yalikuwa yakiingia kwenye shimo lililo umbali usiofika mita moja kutoka ukuta wa chumba cha ndani. Upande wa pili, kwenye kichochoro, mlizamu wa paa ulimwaga maji ya mvua mguuni mwa ukuta wa msana, na kichochoro kimeinuka kwa kutengenezwa tena na tena hadi maji yakawa yanasimama juu ya usawa wa sakafu yetu ya zamani. Yote mawili yalikuwepo siku ya kwanza. Nilipita juu yake na tepu mkononi nikipima kina cha mawe. Tulikuwa tumejenga kizuizi bora dhidi ya maji bila mtu kuuliza maji yanatoka wapi.

Tukafanya jaribio jepesi. Choo cha chini kilifungwa wiki tatu, watu wakaoga juu. Ukuta wa chumba cha ndani uliacha kutoa jasho, ukatoa unga mkavu. Msana haukubadilika.

Marekebisho

Shimo la choo lilihamishwa uani, mita 4 kutoka ukutani. Mlizamu ulirefushwa kwa bomba hadi mtaroni, na mguuni mwa ukuta wa nje tukaondoa saruji ya kichochoro upana wa sentimita 30, tukaweka kokoto zenye mteremko. Kazi hizi mbili zilichukua siku sita, na zingefanywa kwanza huenda nisingeitwa kumwaga zege lenyewe, au lingemwagwa kwa sababu ya magoti ya mama na vigae vyake tu.

Ndani na msana vilikatwa kwa mashine sentimita 15 kutoka ukutani. Vigae vya kando vikatoka, zege likatoka, nailoni ikakatwa. Hapo ndipo tulipokuta wavu uliozama. Ncha zake zilipigwa brashi, zikafunikwa kwa saruji nzito. Sijaridhika na ncha zile. Pengo likajazwa kama alivyotaka mzee tangu mwanzo, naye akaifanya kazi kimya, jambo lililoniuma kuliko angenisema.

Plasta yote ya saruji ilibomolewa. Ukuta uliachwa uchi wakati wote wa kaskazi, ukifagiwa munyu kila juma bila kuloweshwa, kisha ukapigwa plasta ya chokaa na mchanga, moja kwa tatu, tabaka nyembamba mbili. Safari hii idhini iliombwa kwa kuta pia.

Miezi kumi na minne baada ya marekebisho, ndani imerudi hadi sentimita 70. Msana uko 88, umekwama hapo tangu masika yaliyopita, na nashuku mtaro wa kichochoro huziba mvua kubwa zinaponyesha. Kabati la mama limerudi ukutani kwenye chumba cha ndani, limeachwa nafasi ya ngumi nyuma yake. Nyufa za msana bado zipo. Wavu bado umelala juu ya nailoni, na nitajua hali yake siku vigae vitakapoanza kuinuka.